Ekzosi niliyoitoboa mwenyewe ndo inayoniamsha alfajiri

Mhariri, salaam.

Mimi ni msomaji wa gazeti lenu, nikisema msomaji namaanisha nalikuta gerejini limeshapita kwa watu wanne na ukurasa wa michezo una oili, ila nalisoma lote mpaka matangazo ya viwanja. Wiki iliyopita nimekuta barua ya ndugu mmoja analalamikia bodaboda zenye makelele, anataka kila pikipiki iliyotobolewa ekzosi, yaani bomba la moshi, ikamatwe, dereva alale ndani na pikipiki ikae kituoni mwezi mzima. Nimeisoma mara mbili nikaona huyu ndugu ana haki kabisa ya kukasirika, ila anamshika mtu siye. Wa kushikwa ni mimi.

Mi ni fundi pikipiki hapa Kihonda, Morogoro, mwaka wa 16 huu, na ekzosi nilizotoboa kwa mkono wangu sina hesabu yake. Kazi yenyewe wala sio ufundi, aisee. Unachukua nondo ya milimita 12, unaichomeka kwa nyuma kule moshi unakotokea, unagonga na nyundo, unasikia sahani ya kwanza inaachia, unagonga tena inaachia ya pili, unaigeuza unaikung'uta vinadondoka vipande vya kutu, unaifunga. Dakika 10, elfu tano mfukoni, kijana anapiga kiki moja mtaa mzima unageuka, anacheka meno yote nje, na mimi nacheka.

Kwa asiyejua, ekzosi ya pikipiki sio bomba tupu. Ukiichana ile ya Boxer, pikipiki ya Mhindi, kwa grainda utakuta ndani ina vyumba vyumba, kila chumba kimekingwa na sahani ya chuma, na kuna vibomba vifupi vinautoa moshi chumba hiki kuupeleka kile, saa nyingine unarudishwa nyuma kwanza ndo unatoka. Sauti inagonga ukuta, inarudi, inakutana na inayokuja, zinamalizana humo humo ndani, inayotoka nje ni masalia tu. Sasa sisi tunaingiza nondo tunavunja kuta zote. (Halafu kuna kitu huwa kinanichekesha, vile vitabu vya pikipiki za Kihindi ekzosi wanaiita sailensa, yaani kinyamazishi, wakati huku kwetu ukisema pikipiki haina sailensa kila fundi anaenda kushika kabureta, kile kifaa cha kuchanganya mafuta na hewa, maana sailensa kwetu ni ule muungurumo injini ikiwa imetulia. Labda ndo maana hatukuelewa kile kidude kazi yake nini.)

Sasa nieleze kilichonikuta. Kuna dogo mmoja wa mtaani kwetu, miaka miwili iliyopita alikuja na Boxer 150 ya mkataba, yaani ya tajiri, unamlipa kila siku mpaka iwe yako, ina wiki tatu tu toka dukani, anataka ingurume. Nikamwambia hiyo mpya, acha kwanza, akasema fundi mi kijiweni naonekana mshamba, yangu inalia kama cherehani. Nikatoboa. Maisha yakaendelea. Mwaka jana mama watoto akajifungua, na yule dogo akawa amepata tenda ya kuwapeleka wamama wa mbogamboga sokoni, anapita mbele ya dirisha letu saa kumi na moja kasoro robo alfajiri, kila siku ya Mungu, Jumapili ikiwemo. Mtoto tumembembeleza tangu saa nane, ndo kwanza amelala, unaisikia inaanza kwa mbali kule kwenye kona, pa pa pa pa, inakuja, vyombo kabatini vinatetemeka, mtoto huyo anapasua. Mama watoto anakaa kitandani anasema hivi huyu mtoto wa watu hana wazazi, na huyo aliyemtengenezea hilo bomba Mungu anamuona. Mi nimejifunika shuka, kimya, hata kukohoa siwezi.

Ikaenda hivyo kama miezi miwili. Siku moja dogo akaja nyumbani kumuona mtoto, kijana mzuri tu ana adabu, kaja na sukari kilo mbili na sabuni. Shikamoo mama, hongera. Mama watoto akaitikia marahaba baba, kwani ndo wewe unayepita hapa alfajiri? Dogo akatabasamu akasema ndio mama, si unaisikia inavyoongea, hiyo kazi ya mzee huyo hapo, mji mzima hakuna anayemfikia. Mhariri, yule mwanamke hakusema neno. Alinitazama tu. Chai ya siku ile nilijichemshia mwenyewe, na ya kesho yake.

Lakini aibu ya nyumbani sio iliyonifanya niandike. Kilichonifanya niandike ni kwamba baada ya hapo dogo akaniletea pikipiki gerejini analalamika haina nguvu. Anasema akipakia mikungu ya ndizi kutoka Kiroka, kile kilima ambacho zamani alikipanda gia ya tatu sasa anashuka mpaka ya kwanza, na mafuta inakunywa kama ng'ombe. Nikafungua plagi, ile inayotoa cheche ya kuwasha mafuta. Nyeupe kama chokaa. Plagi ya injini yenye afya inatakiwa iwe na rangi ya kahawia, kama chapati iliyoiva, ikiwa nyeusi ya masizi ujue mafuta yamezidi, ikiwa nyeupe ujue mafuta hayatoshi na injini inaungua joto. Bomba la mbele linalotoka kwenye hedi, kichwa cha injini, lilikuwa limegeuka bluu mpaka zambarau kwa moto. Na kila akiachia mafuta kwenye mteremko inapiga pa pa pa, yeye anaona ni sifa, kumbe ni mafuta ambayo hayakuungua silindani yanaenda kukutana na hewa kwenye bomba lenye moto, yanalipukia huko.

Sababu yake ni hii. Kabureta imetoka kiwandani na jeti, kijitundu cha kupitishia mafuta, iliyopimwa kwa ile ekzosi yake, na ekzosi nayo imepimwa kwa ile injini. Ukivunja kuta moshi unatoka kirahisi, hewa inayoingia inaongezeka, lakini kijitundu cha mafuta ni kile kile, kwa hiyo mchanganyiko unakosa mafuta, nguvu inashuka, dogo anazidi kuvuta, ndo maana anaona inakunywa. Vijana wanajua kutoboa kunaongeza spidi, na kwa pikipiki ya mashindano inayokaa juu kwenye mizunguko mingi muda wote, yenye kabureta iliyosetiwa upya, kweli unaweza kupata kitu kidogo. Ila bodaboda haishindani, bodaboda inapanda kilima na abiria wawili na gunia, nguvu inaitaka huku chini.

Mafundi wengi tunasema injini inataka kubanwa kidogo. Sio kubanwa. Moshi ukitoka silinda unakimbia kama wimbi, ukifika pale bomba linapofunguka ghafla kuna sehemu ya lile wimbi inarudi nyuma kama mvuto, na mvuto huo ukifika wakati valvu ya kutolea bado iko wazi unasaidia kunyonya moshi uliobaki ndani. Urefu wa bomba na nafasi ya vile vyumba vimepigiwa hesabu mvuto ufike kwa wakati. Nondo yangu haijui hesabu.

Marehemu mzee wangu aliyenifundisha kazi alikuwa anatengeneza zile Yamaha AG100 za mabwana shamba, za tusitroku, zile zinazolipua kila mzunguko, na sheria yake ya kwanza gerejini ilikuwa usiguse tumbo la ekzosi. Ile ekzosi imevimba katikati kama chatu aliyemeza mbuzi, na lile tumbo ndo linarudisha wimbi kusukuma mchanganyiko mpya uliotaka kutoroka urudi ndani ya silinda. Ukilikata pikipiki inapiga kelele kama mashine ya kusaga halafu haivuti hata baiskeli. Tulilijua hilo. Zilipokuja za Mchina na baadae za Mhindi, za forositroku, zinazolipua mara moja kila mizunguko miwili, tukaona aah hizi hazina tumbo, tukaachia nondo.

Sasa nirudi kwa vijana maana na wao nawaelewa. Mlio una raha yake, asikudanganye mtu. Marekani kampuni ya Harley-Davidson mwaka 1994 ilipeleka maombi kabisa serikalini mlio wa injini zake usajiliwe uwe alama yake ya biashara, kesi ikavutana miaka, mwaka 2000 wakaamua kuyaondoa. Mlio! Na hapa kwetu, mwaka juzi alifariki kijana wa kijiwe cha karibu na gereji, amegongwa na lori, wenzake wakamsindikiza makaburini pikipiki kama 40, wakati jeneza linashushwa wote wakavuta mafuta kwa pamoja. Nilisimama pale nimeshika kofia na machozi yananitoka, na nusu ya zile pikipiki ekzosi zake nimetoboa mimi. Kwa hiyo sitaki mtu aniambie ule ni ushamba tu.

Tatizo ni kwamba dogo anataka Boxer yake ilie kama yale mapikipiki makubwa ya kwenye simu yake, na haitokaa ilie vile hata umtoboe ng'ombe. Mlio unaanzia kwenye injini, ekzosi inauchuja tu. Boxer ina silinda moja na inalipua mara moja kwa kila mizunguko miwili ya krenki, ule mhimili unaozunguka ndani ya injini. Ikiwa mizunguko 6,000 kwa dakika ni milipuko 3,000, yaani 50 kwa sekunde. Zile za mbio zenye silinda nne zikifika mizunguko 12,000 ni milipuko 400 kwa sekunde, ndo maana zinalia kama zinachana kanga. Na Harley ina silinda mbili zimekaa kwa nyuzi 45, hazilipui kwa vipindi sawa, moja inafuata haraka halafu kunakuwa na kimya kidogo, ndo ule mdundo wake wa kuchechemea. Wewe una silinda moja ya cc 150, ukivunja ekzosi hupati mdundo wala mchano, unapata makelele ya silinda moja, basi.

Kuna wanaonunua ekzosi za kubadilisha, fupi zile, zimebandikwa stika ya kampuni kubwa za ekzosi, Akrapovič au Yoshimura. Akrapovič ya kweli inatengenezwa Slovenia na bei yake ukiisikia unaweza kununua Boxer na chenji ikabaki, hizi za elfu hamsini ni stika ndo imesafiri. Nyingi zinakuja na kizibo kidogo pale mdomoni kimefungwa kwa skrubu moja, kazi yake kupunguza sauti, na kitu cha kwanza kijana anachoniomba ni fundi toa hicho kidude. Ndani zimefungiwa pamba nyembamba, miezi mitatu imeshaungua imetoka yote, ukichungulia unaona mwanga upande wa pili.

Kuna na wale wanaosema kelele inaokoa maisha, dereva wa lori anisikie. Nimewauliza, mdomo wa ekzosi unaangalia wapi? Unaangalia nyuma. Anayekusikia vizuri ni uliyeshampita. Wa mbele amefunga vioo, ana kiyoyozi na mziki. Washa taa, vaa refleta, piga honi.

Ila mlio mzuri unawezekana na nimeutengeneza. Baada ya ile kesi ya nyumbani alikuja mwalimu mmoja na pikipiki yake ya TVS, ekzosi imeoza chini, akaniambia nataka iwe na sauti nzito ila nakaa nyumba za walimu sitaki ugomvi. Nikaona hapa ndo pa kujitakasa. Nilichukua bomba la ndani la kipenyo kile kile cha bomba la mbele, sikuongeza hata milimita, nikalitoboa kwa drili vitundu vya milimita 3 mwili mzima, mkono uliniuma siku mbili. Nikalizungushia pamba ya kioo, ile halisi inayostahimili moto, sio stilwaya ya kuoshea masufuria kama tunavyofanya siku zote maana stilwaya inaungua inatoka vipande vipande kama nywele. Nikalivalisha mfuko wa nje mrefu, urefu ndo siri, fupi haifichi kitu. Pamba inakula zile sauti kali za juu, zile za kutoboa sikio, nzito zinabaki. Nikaweka gasketi mpya pale kwenye hedi maana ikivuja pale hata kama ekzosi ni ya dhahabu itapiga pa pa pa tu, nikafunga kishikio na mpira usije mtikisiko ukapasua weldingi, nikaongeza jeti saizi moja, nikamwambia nenda Msamvu urudi. Plagi ikatoka chapati.

Mlio wake ukisimama pembeni unausikia kifuani, du du du du, mtamu, ukienda nyumba ya tatu haupo. Mwalimu alilipa elfu sabini. Nimewaonyesha vijana wa kijiweni, wakaisifia sana, wakauliza bei, wakarudi kwenye elfu tano.

Hapo ndo penyewe, ndugu uliyeandika ile barua. Dogo wa mkataba anapeleka hesabu elfu kumi kwa siku kwa tajiri, iwe jua iwe mvua, na ukimlaza ndani na pikipiki ukaifungia mwezi, mkataba umekufa, pikipiki inarudi kwa tajiri, anapewa kijana mwingine, na huyo mwingine wiki ya kwanza anakuja kwangu na elfu tano. Mimi sijakamatwa. Muuza ekzosi za stika hajakamatwa. Nondo za mafundi ziko pale pale kwenye kuta za gereji. Sheria zipo, ya Usalama Barabarani ya 1973 ipo na ile ya Mazingira ya 2004 kelele inaigusa, wenzetu Kenya wana kanuni zao za kelele tangu 2009, lakini mimi katika miaka 16 hajawahi kuingia mtu yeyote gerejini kwangu kuniuliza unafanya nini na hiyo nondo.

Na trafiki anaikamataje? Kwa sikio. Nina kijana wangu alisimamishwa barabarani ekzosi yake haijaguswa, gasketi tu imekatika, akaambiwa umetoboa, hapo ukibisha unaongeza kosa. Wakati kupima hii kitu sio roketi. Wenzetu Ulaya wanaweka maiki ya kipima sauti nusu mita kutoka mdomo wa ekzosi, pembeni nyuzi 45, pikipiki imesimama, unavuta mafuta mpaka nusu ya mizunguko inayotoa nguvu ya juu kabisa, kwa Boxer 150 ni kama 3,750, unasoma namba. Ulaya pikipiki mpya ikipimwa inapita barabarani hairuhusiwi kuzidi desibeli, kile kipimo cha sauti, 73 mpaka 77 kutegemea nguvu na uzito wake. Na msione 77 na 87 ni tofauti ndogo, desibeli zikiongezeka 10 sikio linasikia kama sauti imekuwa mara mbili, na nguvu yenyewe inayopiga hewa imekuwa mara kumi.

Dereva mwenyewe ndo wa kwanza kuumia na hajui. Wataalamu wa afya ya kazini Marekani wanasema desibeli 85 sikio linavumilia masaa 8, na kila zikipanda 3 muda unakatwa nusu, kwa hiyo 88 ni masaa 4, 94 ni saa moja, ukifika 100 ni robo saa. Bodaboda anakaa juu ya pikipiki masaa 12. Mimi mwenyewe sikio la kushoto, lile ninaloinamishia injini, simu nikiiweka upande huo sisikii vizuri, mama watoto anadhani namdharau.

Mimi nondo nimeiondoa ukutani, nimeifanya kishikio cha mlango wa stoo. Wateja wanaenda gereji ya jirani, naona kwa macho yangu elfu tano zangu zinavuka barabara, sijui nitavumilia mpaka lini, lakini ndugu yangu wa ile barua angetaka kusaidia kweli basi aombe mafundi na wauza spea tuitwe, tupewe kiwango, tupimiwe hapo hapo gerejini kabla pikipiki haijatoka getini, anayezidisha alipe yeye fundi.

Na yule dogo, najua gazeti hili kijiweni kwao linafika. Dogo, ukutani kuna ekzosi ya Boxer haijaguswa, nimeitoa kwenye pikipiki iliyopata ajali, kuta zake zote ziko salama. Ni yako, bure, na jeti na plagi nakuwekea, ufundi sikudai. Njoo uichukue siku yoyote. Ila usije alfajiri.

Ni mimi,
Fundi wa Kihonda,
Morogoro.